Ukurasa wa Nyuma

Ombeni amefika ukurasa wa kumi na tisa,
mara saba, mara nane,
kwa kalamu inayomvujia kidoleni.
Mimi nimeligeuza daftari lake miguu juu
nikaanzia nyuma.
Siku moja tutakutana.

Jumatatu. Esanse, lita moja na nusu.
Cirhuza ananitajia bei huku anavua buti,
na matope ya Kadutu yanafika sakafuni kabla ya namba.
Makuta ya simu: mia tano,
ya kumwita mteja wa Muhumba, ghorofa ya tatu,
aliyeagiza samaki akalala.
Samaki akarudi. Bei yake ikakatwa kwetu.
Samaki mwenyewe, sijui aliliwa na nani.

Jumanne, mvua.
Mvua ya Bukavu inashuka Buholo mbio
kama iliyosahau kitu ziwani.
Pikipiki iliteleza, supu ikamwagika.
Supu: dola nne.
Goti: halina bei.
Nilimuuliza, goti niliandikeje?
Akacheka. Liache wazi, akasema.
Nimeliacha wazi.
Hata leo halijafunga.

Kuna koti jekundu, jina la mgahawa mgongoni.
Tulililipa mwezi wa pili.
Tukalilipa tena mwezi wa nne.
Sasa patro Bashige amekata tena,
anasema siku zote lilikuwa la kukodi.
Ninalifua kila Jumapili kwenye beseni:
rangi inatoka, jina linabaki.

Sitaki kusema mtu huyu ni shetani.
Nimemwona kanisani. Ana watoto wapole,
anaimba kwa sauti ya pili, vizuri.
Alimwambia mume wangu, vumilia, sisi hapa ni familia.
Nikawaza: kweli, ndugu ndiye mwizi
asiyehitaji kuvunja mlango.

Mama yangu alinifundisha haba na haba hujaza kibaba.
Hakuniambia kwamba haba na haba
hukitoboa pia.

Mwisho wa mwezi umeme ulikuwa umekwenda.
Niliwasha mshumaa, Ombeni akaja kunisaidia;
anapenda sana pale pa kubeba moja.
Mshahara, dola sabini. Andika juu.
Toa esanse. Toa tairi lililopasukia Panzi.
Toa polisi wa barabara, yule mwenye firimbi, wa Nguba.
Toa supu, samaki, koti, koti, koti.
Mtoto akaacha kuandika.
Mama, akasema, hapa mwalimu hajafika.
Hajatufundisha bado
kutoa kikubwa kwenye kidogo.

Saa nne za usiku Cirhuza akaingia na mfuko wa plastiki.
Si pesa.
Kuku aliyekataliwa na mtu, mapaja mawili,
na viazi vya kukaanga vilivyolainika njiani.
Patro amesema hayo ndiyo ya juma lililopita,
mengine tutaona.
Tulimla. Sitadanganya, alikuwa mtamu,
na nilichukia utamu wake hadi kidole cha mwisho.
Ombeni alinyonya mfupa ukawa mweupe kama chaki,
akafuta mikono kwenye kaptula,
akashika kalamu aandike: kuku, mmoja.
Apunguze deni.

Nikamshika mkono.
Hapana. Chakula alichokataa mwingine
hakiingii kwenye hesabu yetu.

Kesho ninalipeleka daftari Nyawera, mgahawani,
saa ya mchana, wateja wakiwa wamekaa.
Mke wa Mugisho ana lake, la karatasi za mfuko wa sementi.
Mama yake Bisimwa hajui kuandika;
anahifadhi kichwani, na hajawahi kukosea.
Cirhuza amegeukia ukuta. Hajasema nenda,
hajasema usiende.
Ombeni ndiye anayelalamika:
kesho mwalimu anasahihisha mara tisa,
daftari ni lake.

Basi twende wote, nimemwambia.
Huku mara tisa yako, huku esanse yangu,
na katikati kurasa nne
ambazo hakuna aliyeziandika bado.